Afande, hiyo ni simu tu

Leo nimeomba msamaha kwa mtu aliyenielekezea bunduki.

Tulikuwa tunatoka Taveta, mimi na mama, buti ya gari imejaa ndizi. Karibu na Mwatate polisi akatusimamisha.

"Toa leseni."

Leseni yangu iko kwenye simu. Nikachukua simu.

Akaruka nyuma, bunduki ikaja usoni mwangu. "Weka chini! Unanirekodi?"

Jamani, hata kama ningekuwa narekodi! Simu ndiyo ya kupigiwa mtu risasi?

Mama akamwambia yule polisi: "Mwanangu, si umemwambia atoe leseni? Ndiyo hiyo anatoa."

Akashusha bunduki. Akasoma jina langu lote kwenye simu, kwa sauti. Kisha akamgeukia mama: "Funza msichana wako adabu."

Na mimi, na huu mdomo wangu mnaoujua, nikasema, "Samahani, afande."

Akaturuhusu, nikaondoa gari.

Tumefika Voi na mama bado ananiuliza, yule kijana anaitwa nani? Sijui. Koti lilikuwa limefunika jina lake.

Sheria inaniruhusu kumuuliza, najua.

Wewe ungemuuliza?