Difu ya Lori la Majani

Kipkurui ameendesha lori la majani chai hapa Kimulot miaka tisa, na kwa miezi mitatu ya mvua ile ya El Niño tulimchukia sote. Nasema sote nikiwemo mimi, maana magunia yangu mawili yalikataliwa kiwandani, majani yakiwa mekundu kwa joto.

Matope yalipozidi, ni yeye aliyemsihi mwenye lori, Wambugu, atafute tairi kubwa za magari ya jeshi. Zikaja, zinamfika kifuani. Kwenye matope hazikuwa na kosa. Lakini tairi kubwa hulemea gari mlimani, na lori lililokuwa likipanda na mzigo wake bila shida likaanza kushindwa katikati. Klachi iliungua mara mbili. Majani yakalala humo garini, yakapata joto, yakageuka rangi.

Kina mama walipouliza, Kipkurui akasema makosa ni yao, wanashindilia gunia mno. Alimwambia hivyo hata mama yake, Chepchirchir, mbele ya karani wa mizani. Tangu siku hiyo mama akawa anabeba majani yake mgongoni kilomita nne, mpaka kituo kingine, cha lori lingine. Ana miaka sitini na mitano. Kipkurui alimpita njiani kila asubuhi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yake ilimchosha kuliko mlima. Mwisho akashuka Litein kwa fundi Bogonko.

Bogonko aliingia chini ya lori, akafungua difu, ile gia ya ekseli inayozungusha magurudumu ya nyuma, akahesabu meno. Gia kubwa arobaini na moja, ndogo saba.

"Nani alisema hizi tairi ziwekwe?"

"Ni mimi."

"Na difu ukaacha ya zamani. Sasa hata ukiweka namba one, injini inasukuma kama iko two."

Alimwonyesha gia ndogo tatu, kila moja na kubwa yake. "Hii ya meno nane Wambugu ataipenda, itakimbia kwa lami, lakini mlima itakufia. Meno yakipungua nguvu inaongezeka: ya meno matano itapanda hata ukuta, ila kiwanda utafika kesho. Chukua ya meno sita. Hapo gari inarudi vile ilikuwa kabla uanze ujanja."

Miezi mitatu ya taabu ili gari lirudi lilivyokuwa. Kipkurui aliketi juu ya tairi kuukuu, akacheka bila furaha.

Siku ya kwanza ya difu mpya nilikuwa juu ya gunia. Tulipofika katikati ya mlima, palepale ambapo klachi iliungua, tulimkuta Chepchirchir na mzigo wake. Kipkurui akasimamisha lori. Niliogopa, hapo hata gari tupu hupata taabu kuondoka. Akashuka.

"Mama, haikuwa gunia. Ilikuwa tairi zangu. Nilijua, nikanyamaza."

Mama hakuweka mzigo chini. "Hata mimi nilijua," akasema. "Nashindilia hivi tangu wewe ukiwa mgongoni. Hakuna siku gunia yangu ilirudishwa."

Kisha akageuka, akamwachia mwanawe gunia alitue. Kipkurui alilipandisha mwenyewe, akamfungulia mlango wa mbele.

"Majani yapande," mama akasema. "Mimi bado nitatembea."

Lori likaondoka taratibu, bila kutetereka. Nilimtazama yule mama akikunja kamba yake, akishuka mlima kurudi nyumbani peke yake.