Chenga Usoni kwa Sumie

Mpishi wa kantini ya kiwanda chetu cha kamera hapa mjini Suwa, Sumie Kurihara, ukimpa kamera akupige picha atakukata kichwa. Lakini tangu mwaka 1998 hakuna kamera iliyotoka kiwandani kwetu bila yeye kuketi mbele yake kwanza. Tulihitaji mtu anayeweza kutulia. Akaitwa kutoka jikoni, akavua aproni, akakaa tuli kwenye kiti cha dirishani. Ikawa desturi: kila kamera mpya, kiti kilekile, uso uleule.

Picha ya kwanza ilikuwa kichekesho. Ukiikuza unaona miraba kama vigae vya bafuni, na mwanga ukipungua kidogo uso unajaa chenga nyekundu na buluu.

“Nagase, huyu ni mimi au nguruwe mwenye surua?” aliniuliza. Nagase ndiye mimi.

Kazi yangu ilikuwa kuziondoa hizo chenga. Mwaka hadi mwaka vihisi vya kamera vilinasa mwanga vizuri zaidi, na programu yangu nayo ikaerevuka: ikikuta kidoa kisichofanana na majirani zake, inakifuta na kupaka rangi ya jirani. Kufikia 2012 Sumie alitoka laini kama tofu. Picha moja akaitundika sebuleni kwake.

“Mume wangu anasema kamera yako inanipenda kuliko yeye,” akanitania. Nilivimba kichwa, sifichi.

Mwaka 2020, majira ya kuchipua, alipanda hadi maabara yangu akiwa na karatasi ya hospitali. Chini ya jicho la kushoto alikuwa na doa, na daktari alihofia ni kansa. Daktari huyo alitaka kujua limeanza lini. Kama limekuwa likibadilika kwa miaka, akate mara moja. Kama ni la juzijuzi, wangoje kwanza.

“Nyie mna uso wangu wa miaka yote,” Sumie akasema. “Nipe nikamwoneshe.”

Tukafungua picha. Hakuna doa. Mwaka huu hakuna, mwaka jana hakuna, nyuma kote hakuna.

“Afadhali! Basi ni la juzi.” Akashusha pumzi, akatoa simu ampigie mumewe.

Nakiri nilitamani kunyamaza. Doa lilikuwa pale shavuni, nalitazama kwa macho yangu, na kwenye picha ya wiki iliyopita halipo.

“Usimpigie kwanza, mama,” nikasema.

Tulikuwa na picha ghafi, zile za kihisi kabla programu haijazigusa. Hakuna aliyezitazama kama uso wa mtu. Tulitafuta chenga tu na kuzihesabu kwa namba. Nikazifungua moja moja. 2014, punje ya ufuta. 2016, kahawia. 2018, kingo zimechanikachanika. Mwaka huu, rangi mbili. Na kwenye fomu ya ukaguzi ya kila mwaka, yenye picha ya uso wake, palepale chini ya jicho, mtu amezungushia duara, amegonga muhuri na kuandika: chenga sugu, imeondolewa.

“Muhuri huu wa nani?” Sumie akauliza.

“Wangu.”

“Ulikuwa unaliona?”

“Nilikuwa naliona. Nikaimarisha programu mpaka likatoka.”

Nikamchapia zile picha ghafi. Alizikusanya, akashuka nazo.

Alikatwa doa hilo Ijumaa ya wiki ileile. Jicho limebaki, ila kope ya chini imevutwa na shavu limebonyea. Daktari alimwambia wangengoja mpaka vuli, asingekuwa na la kumfanyia.

Nikaenda hospitali na tikitimaji la kuombea radhi, kama ilivyo desturi kwetu. Nikainama mpaka mgongo ukauma.

“Inuka bwana, wauguzi wanatuangalia,” akasema kutoka chini ya bendeji. “Nikuulize. Nimewahi kukuwekea kamba, wale wa baharini, kwenye bakuli?”

“Hapana.”

“Miaka ishirini na mbili. Nani aliniambia wanakudhuru?”

Nikafikiri. Sikuwahi kumwambia mtu pale kazini.

“Siku ya kwanza ulipokula tempura yangu, wale kamba wa kukaanga, midomo ilivimba, ukajifunika na leso ukisingizia mafua. Nikakuona, nikiwa kwenye dirisha la jikoni kule, na mvuke umejaa. Wenzako mia wanakula, nikakuona. Wewe umeukuza uso wangu mara nne kwenye skrini, kila mwaka, ukaona chenga, Nagase!”