Mbwa Wake Walikuwa Wazima, Nikamwita Mweka Sumu

Kosa ni langu, na pole ya mtu siitaki. Mkinitukana mna haki!

Mimi si mtu mdogo hapa Misima. Shule niliishia darasa la nne, nikaanza na panga moja na shamba la kuazima. Leo nina mashine ya kusaga, nyumba ya matofali ya kuchoma, na mahindi mpaka mtu anachoka kuyatazama. Ng'ombe wangu nawachoma sindano mwenyewe. Nani angenifundisha habari za mnyama?

Mahindi yalilindwa na mbwa watatu: Bosi, Polisi na Shida. Nguruwe pori wakimsikia Bosi tu, wanageuza!

Jirani yangu ni Mmasai, mfugaji. Nilipovunjika mguu ndiye aliyenywesha ng'ombe wangu mpaka nikapona. Siku moja akaja akaniambia, "Rafiki, daktari wa mifugo anakuja kutoka Korogwe na chanjo ya distempa, ule ugonjwa unaomaliza mbwa. Lete mbwa wako wachomwe pamoja na wangu."

Nikamcheka mbele ya vibarua. "Wangu walishachomwa ya kichaa, kadi ninazo! Nyie mkiona mtu na kisanduku cha barafu mnadhani Mungu kashuka!"

"Hii ni nyingine, rafiki."

"Nenda zako, umeliwa!"

Haikupita miezi mingi Shida akaanza kutoa matongo na kamasi. Wenzake wakafuata. Wakaacha kula, wakakohoa, wakaharisha. Nikachukua dawa ya ng'ombe iliyobaki kwenye chupa, nikawachoma kwa kukadiria. Daktari wa nini, na mimi nipo?

Wiki ya pili taya la Bosi likaanza kucheza lenyewe, kama anatafuna kitu. Kisha akaanguka, povu mdomoni, miguu inapiga hewa. Polisi alikuwa keshakufa, Shida akafa kesho yake.

Nikatazama ng'ambo. Mbwa wa jirani wanabweka, wamenona! Hapo shetani akanikaa. Nikaenda mnadani, kweupe, watu wamejaa, nikamkuta jirani, nikamnyooshea kidole.

"Huyu kawapa mbwa wangu sumu, ng'ombe wake wapate kuingia kwenye mahindi yangu! Mbona wake hawafi?"

Yeye akauliza tu, "Umemaliza?" Akaondoka.

Mke wangu ndiye aliyempigia daktari. Akaja, dada mdogo tu, kwanza akanikataza kumshika Bosi mpaka ajue si kichaa. Akamtazama, akauliza maswali mengi, nikamwambia ni sumu, ndipo akanigeukia.

"Mzee, sumu haimtoi mbwa kamasi wiki mbili. Hii ni distempa. Dawa ya kuua kirusi chake hakuna. Ungeniita mapema ningempa maji ya mshipani na dawa za kusaidia, pengine angepona mmoja."

"Na wale wa ng'ambo?"

"Wale niliwachanja mwenyewe. Yeye alinisubiri barabarani tangu asubuhi."

Nyie! Nilitamani ardhi ipasuke. Bosi tulimpumzisha kwa sindano, nimemshika mimi mwenyewe, daktari kanivalisha glovu.

Nilimfuata jirani nikamwomba radhi. Akanisikiliza amesimama, fimbo begani.

"Mbwa utapata wengine," akasema. "Wanangu wanaitwa watoto wa mweka sumu. Ulisemea mnadani, nenda kafutie mnadani."

Nilikwenda. Nilisema yote, mbele ya wale wale. Wakacheka, wakaendelea kununua mbuzi. Uongo wangu waliubeba mpaka Mazingara, lakini ukweli hakuna aliyeutaka! Na jirani njia ya kuja kwangu ameiziba kwa miiba. Tukikutana kisimani ananipisha kama mgeni.

Sasa wewe unayesoma huku unasema "mbwa tu", kaa kimya, ujinga huo nilikuwa nao mimi. Chanjo ya kichaa haikingi distempa! Mtoto wa mbwa achanjwe angali mdogo, arudiwe kama daktari atakavyopanga. Mbwa akiumwa, sindano ya ng'ombe weka chini, na akianguka na povu usimguse, ita mtaalamu. Na ukiona wa jirani wazima, nenda kamuulize amefanya nini. Muulize kwa adabu, angali anakuitikia.