Sindano Niliyomchoma Ng'ombe wa Mama

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mrija, bila dume. Nafunga mtungi wa mbegu nyuma ya pikipiki, napanda kutoka Sakina hadi kwenye migomba na kahawa za mlimani, na wafugaji wananiita daktari ingawa sijawahi kuwa daktari. Sikuwahi kuwasahihisha. Jina lilinipendeza, na nadhani ndilo lililonilevya.

Mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, mzee, wa mwisho katika uzao wa ng'ombe aliyepewa na mama yake alipoolewa. Alikwisha kutangaza kwamba ndama atakayefuata atakuwa wa binti yangu, zawadi ya kipaimara. Kwa umri wa yule ng'ombe tulitegemea uzao mmoja tu, tena kwa kuomba Mungu. Nyumbani kila mtu alilijua hilo, mimi kuliko wote.

Alipoingia kwenye joto, mama alinipigia simu alfajiri. Kanuni yetu ni nyepesi: ukiona joto asubuhi, pandisha jioni. Mimi nilikuwa kwa fundi, pikipiki imefumuliwa, kisha nikapata mteja Terrat, kisha nikajiambia mama si mteja, mama atasubiri. Nilifika kesho yake jioni. Nilimpandisha hivyo hivyo, na mama alipouliza kama bado ni wakati wake, nikamjibu kwamba wakati ndio huo. Waswahili husema mganga hajigangi. Mimi sikuweza hata kumfikia mama yangu kwa saa yake.

Wiki tatu zikapita, ng'ombe hakurudi kwenye joto. Mama akaniambia ameshika, kwa sababu ametulia na manyoya yake yamelala vizuri. Mimi, kwa kuwa niliujua uchelewaji wangu, niliona haiwezekani. Nikamwambia joto lilipita kimya kimya na macho yake, kwa umri ule, hayakuliona. Nikiyakumbuka maneno hayo naona haya hadi leo. Aliendelea kumkatia ng'ombe wake vipande vya mgomba.

Wiki tatu nyingine zikapita, ikafika siku ya kikundi. Siku hiyo wafugaji wa upande wetu wa mlima huwaleta mahali pamoja ng'ombe wao wasio na mimba, nami huwachoma sindano ya kurudisha joto ili wapandishwe wote kwa mara moja. Kabla ya sindano kila ng'ombe lazima apimwe kwa mkono, maana ikimkuta mwenye mimba inaitoa. Nilikuwa nimemwagiza mama amlete wake, naye akamleta. Wa watu niliwapima mmoja mmoja.

Zamu yake ilipofika, mama aliniambia kwa sauti ya chini, "Baba, mpime kwanza."

Nilicheka. Nikasema, watu wote wakisikia, kwamba huyu nilimpandisha kwa mkono wangu mwenyewe na hana kitu. Mama akaikaza kamba ili ng'ombe asitikisike. Nikachoma.

Siku ya tatu aliniita nyumbani. Hakunieleza kwenye simu ni kwa nini. Nilipofika nilimwamkia, akaitikia, akanipeleka bandani. Juu ya jani la mgomba alikuwa ameweka kifuko chembamba cha ngozi inayopenya mwanga, kimejaa maji, na ndani yake kitu kisichozidi punje ya harage. Alichimba shimo kando ya mgomba na kukifukia, nami nikiwa nimesimama tu na kofia mkononi.

Kinachoniuma ni kwamba jambo lile nililisoma darasani, nikalijibu kwenye mtihani nikapata vema. Kwenye siku ya kumi na sita hivi, kabla hata hakijajishikiza tumboni, kiinitete cha ng'ombe hupeleka ujumbe kwa mama yake. Mama akishaupokea, mwili wake huizuia ile homoni ambayo ingerudisha joto na kukiangamiza. Homoni hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye bomba langu la sindano. Yule ndama alisema yupo, ng'ombe akasikia, na mama yangu akasikia kwa kumtazama ng'ombe. Aliyesomea ndiye aliyekuwa kiziwi.

Tulimpandisha mara mbili tena, safari hizo kwa saa yake kabisa. Hakushika. Binti yangu alipata kipaimara akapewa Biblia na vitenge, na mama akapiga vigelegele kama bibi wengine.

Juzi tulikuwa tunapukuchua mahindi, sisi wawili tu, nikaona nisipomwambia nitakufa nalo. Nikakiri kwamba siku ile nilichelewa kwa uzembe, nikamdanganya, na kwa sababu ya uongo wangu sikuamini kwamba mimba imeingia. Akasema uchelewaji aliujua, kwani yeye ndiye aliyekaa akisubiri. Na mimba pia aliijua.

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini aliishika ile kamba.

Alimaliza gunzi lililokuwa mkononi ndipo akajibu. "Wale watu wote walikuwa wanakuangalia, baba. Ningemwondoa ng'ombe wangu mikononi mwako, kesho nani angekupa wa kwake?"