Mkaguzi na Shuka za Maua

Jirani yangu tulimwita Mkaguzi, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mlango wa kutokea wa duka kubwa, akilinganisha risiti na kilichomo mfukoni mwa mteja. Wewe una haraka, yeye hana. Akimaliza anakutazama usoni kidogo, kama vile hata sabuni uliyoilipia umeilipia kwa nia mbaya. Tabia hiyo hakuivua pamoja na sare. Alirudi nayo nyumbani na, mbaya zaidi, alikuja nayo kwenye kikundi chetu cha kusoma Biblia.

Tulikutana sebuleni kwa fundi bomba, mtu wa maneno machache, naye alikuwa na utaratibu wake. Tukishasoma sura na kuijadili, kila mmoja alichagua tendo moja la kwenda kulifanya kutokana na tulichosoma, na hakuruhusiwa kumwambia mtu, hata mwenzi wake wa ndoa. Tulipokutana tena, fundi aliuliza tu, "Limefanyika?" Ukajibu ndiyo au bado, basi.

"Sasa mtu akisema ndiyo, tutajuaje?" Mkaguzi aliuliza.

"Hatutajua," fundi bomba akasema.

"Basi hapa tunadanganyana."

Mume wa Mkaguzi, dobi, aliyekuwa naye kikundini, alicheka chini kwa chini. Mkaguzi alikiona kicheko hicho na hakukisahau.

Tulipofika sura ya sita ya Mathayo, pale tunapokatazwa kujitangaza tunapotenda wema, dobi akaanza kubadilika. Aliamka kabla ya watu wote, akawasha taa ya jikoni na kusoma huku midomo ikimchezacheza. Jumamosi mchana, saa ambayo zamani alikuwa akikoroma kwenye kochi, sasa alitoka na furushi la shuka za maua mekundu, zimechakaa. Mkaguzi alizijua nguo za wateja wote wa mumewe. Hizo hakuzijua.

"Shuka za nani hizo?"

"Za mteja."

"Mteja gani?"

"Mama watoto, mteja ni mteja."

Hakuna kitu kinachomtia Mkaguzi wazimu kama jibu fupi. Mumewe akirudi, mikono ya shati imelowa, ananuka dawa ya hospitali, na uso wake mtulivu kupita kiasi. Ndipo Mkaguzi akaja jikoni kwangu.

"Jirani, mtu akitaka kuficha uchafu wake anaficha wapi? Nyuma ya Biblia! Nani atamshuku?"

Alikuwa amekwisha kuitikisa hiyo Biblia akitegemea idondoke picha ya mwanamke. Kilichodondoka ni mende mkavu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikaona macho yake mekundu, nikanyamaza. Anampenda dobi wake yule.

"Nikimkuta na mtu, nafunga virago," alisema. "Sitaki mchungaji, sitaki wazee wa kikao. Naondoka."

Na mimi, nisijifanye mwema, nilikuwa nimeshaanza kumshuku dobi. Mwanamume anayekaa kimya na kufua kwa siri ana lake jambo.

Jumamosi tulimfuata. Mkaguzi alivaa raba ili hatua zake zisisikike. Dobi alipita nyuma ya karakana ya seremala, akaingia kwenye safu ya vyumba vya kupanga, akasukuma mlango wa mwisho na kuingia.

Mkaguzi akanibana mkono. "Umeona? Hata hodi hapigi!"

Tukasogea dirishani. Ndani ikasikika sauti ya mwanamke. "Taratibu, shemeji. Mgongo huo."

Mkaguzi hakungoja zaidi. Aliusukuma mlango kwa bega, nami nikawa nyuma yake. Dobi alikuwa ameinama juu ya kitanda, akimgeuza mwanamke aliyepooza upande mmoja ili avute shuka iliyolowa chini yake. Kando kulikuwa na beseni la maji ya sabuni. Mwanamke alikuwa amekonda hata ikanichukua muda kumtambua. Alikuwa dada mkubwa wa Mkaguzi.

Hawa wawili walikuwa hawasalimiani tangu msiba wa mama yao. Siku ile hereni za marehemu hazikuonekana, na Mkaguzi alimzuia dada yake mlangoni, mbele ya waombolezaji, akaumwaga mkoba wake wote juu ya mkeka. Hereni hazikuwamo. Baadaye zilikutwa ndani ya foronya ya mama, lakini Mkaguzi hakwenda kuomba radhi. Hata aliposikia dada yake anaumwa, alisema anajifanya.

"Mama watoto," dobi akasema, shuka mkononi, "nisingeweza kukwambia. Unajua utaratibu."

Dada alimtazama mdogo wake kutoka miguuni hadi kichwani.

"Umekuja kukagua?" aliuliza. "Mkoba wangu huo hapo kwenye kiti. Anza."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mkaguzi angeweza kusema amekuja kumjulia hali, na moyoni nilimwomba aseme hivyo. Hakusema.

"Ndiyo, dada. Nimekuja kukagua. Nilidhani ana mwanamke."

"Na mwanamke mwenyewe ndiye mimi."

"Nisamehe. Kwa hili, na kwa ule mkoba."

Dada alifumba macho.

"Maneno nimeyasikia," dada akasema. "Siyaamini."

"Nifanye nini uyaamini?"

"Njoo kesho. Na kesho kutwa uje. Nitakuwa nakuangalia."

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Akaipokea shuka mikononi mwa mumewe, akachuchumaa mbele ya beseni na kuanza kufua. Dada akageuza kichwa juu ya mto, akaifuata kwa macho mikono ya mdogo wake kila ilikokwenda.

"Hapo kwenye pindo bado," akasema.