Ngamia Nilimuuza, Koti Nikabaki Nalo

Ijumaa, baada ya Asri.

Kwako Admin, assalamu alaykum. Naomba jina langu ulifiche.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, naishi Garissa na watoto wanne. Mume wangu alifariki mwaka jana, akatuachia ngamia mmoja jike na ndama wake. Kwetu ngamia hukamuliwa na wanaume, na huyu alimzoea yeye tu. Alipoondoka, ngamia alimfungia maziwa kila aliyejaribu. Asubuhi moja ya mvua, nikiwa bado kwenye eda, nilijitupia koti la marehemu nikatoka kumtazama. Alinusa mkono wa koti, akatulia. Nikamkamua mwenyewe. Bila hilo koti hatoi hata tone.

Eda ilipoisha, karo ilikuwa imenielemea. Shemeji yangu alikuja kutoka Wajir kunisaidia kumuuza sokoni pamoja na ndama wake. Mnunuzi, mzee mmoja wa Kotile, alitaka kuona maziwa kwanza. Nikamvika shemeji lile koti. Akacheka, akasema, "Joto lote hili, shemeji, unataka kunichemsha?" Lakini alikamua, na chombo kikajaa povu.

Wakashikana mikono chini ya shali, wakabonyezana vidole, maana pale sokoni bei haitamkwi mbele za watu. Kabla hawajaachiana, mzee alinigeukia.

"Binti yangu, mkono wangu bado uko ndani. Ana aibu yoyote, kasoro nisiyoiona?"

Mume wangu alikuwa dalali. Alikuwa akitaja aibu ya mnyama kabla ya bei, hata kama mnunuzi hakuuliza, na siku nyingine alirudi na faida ndogo mpaka nikamnunia. Niliyakumbuka hayo yote. Nikasema hana.

Mzee akalipa bei ya ngamia wa maziwa. Nikalikunja koti, nikarudi nalo nyumbani.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Hakunigombeza. Alisema ngamia amegoma, wajukuu wanakunywa chai ya rangi, labda kuna wimbo aliouzoea. "Niimbie kidogo, binti yangu, niushike," akasema. Nikamwambia simu haisikiki vizuri, nikakata.

Pesa zote zimeingia kwenye karo, sina cha kumrudishia. Nilicho nacho ni koti, na najua bei aliyolipa ilikuwa na koti ndani yake. Lakini liko nyuma ya mlango, mfukoni bado mna kijiti cha mswaki cha marehemu. Kitinda mimba wangu akitoka madrasa hupitisha uso pale kwanza, halafu ndipo anaomba chakula. Harufu ya baba yake haiko mahali pengine tena.

Nimechoka kubeba jambo hili peke yangu. Nyinyi mliofiwa, niambieni: nimpelekee mzee koti, au nimweleze ukweli nikae na deni lake? Nishaurini.

Na mkiinua mikono kuomba dua, mkumbukeni baba watoto wangu.