Maoni ya Binti Nassoro

Iko siku moja, mwanangu, ambayo bado naiona kama ya juzi, hata nikiwa nimekaa napepeta mchele. Wewe ni mjukuu wangu, Rehema, lakini leo nitakuita mwanangu, maana maneno haya ni ya mzazi. Siku hiyo ilinirudia jana, uliponisomea kwenye simu maoni ya wasomaji wa vile vitabu vyako vya dunia iliyokwisha, na watu wachache waliobaki wakihangaika porini. Kila mtu anasifu. Nyota tano, nyota tano. Halafu ukamfikia mmoja aliyeandika ovyo ovyo, anasema maji ya kisima kile cha kitabu cha pili hayafai kunywewa na mtu. Ukacheka mpaka ukashika mbavu. "Bibi, huyu naye katokea wapi?" Mimi nikafumba macho. Ukadhani nimesinzia. Sikusinzia.

Msidhani nyie ndio wa kwanza kupenda kutishwa. Hata sisi tulikuwa na vyetu. Hapa hapa Lindi palikuwa na chumba cha kusomea chenye kabati moja, na ndani yake vitabu vinne vilivyoandikwa na mtu wa mbali ambaye hatukuwahi kumwona. Humo bahari imepanda, maradhi yamepita, na kutoka Kilwa hadi huku hakuna jogoo anayewika. Waliosalia wanatembea kuelekea bara. Kila nyumba wanayoikuta wanasimama mlangoni na kuita, "Hodi! Mpo mliosalia?" Hakuna anayejibu hata mara moja. Tuliupenda mno mwito ule, mpaka tukawa tunaitana nao barabarani.

Kwenye mguu wa kabati palikuwa na daftari lililofungwa kwa kamba. Ukirudisha kitabu unaandika maoni yako. Mtunza daftari nilikuwa mimi, Somoe, na kila Jumamosi asubuhi nilisimama mbele ya wasomaji nikayasoma yote kwa sauti. Lo, nilijiona! Nilikuwa na sauti nzuri na mdomo mbaya, na huo mdomo watu ndio waliokuja kuusikiliza.

Nje ya mlango ule alikuwa akikaa mama mmoja wa makamo, tukimwita Binti Nassoro. Alikuwa akiuza ming'oko, ile mizizi ya porini unayochemsha kwa chumvi ukala. Watu wa kwao walitoka kule Rondo, wakahamishwa miaka ile ya vijiji. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na siku moja aliomba kitabu cha tatu. Alikaa nacho mwezi mzima. Aliporudisha alishika kalamu kama anashika mwiko, akaandika, anakandamiza mpaka meza inalia. Aliandika hivi: kitabu kizuri, lakini ndiga kuloweka siku moja kwenye chungu ni uongo. Ndiga ni mto unaotembea, siku nyingi, na mbuzi aonje kwanza. Atakayekula atapotea.

Wewe ndiga huzijui. Ni viazi vya porini vyenye sumu, watu wa kwetu walikula miaka ya njaa, tena kwa kazi kubwa ya kuviloweka mtoni siku nyingi mpaka sumu itoke. Sisi vijana wa mjini hatukuzijua pia, kwa sababu wazazi wetu waliona aibu kutaja walichokula enzi za shida. Tulijua ming'oko tu, tukadhani kila mzizi ni kuchemsha na chumvi. Na katika kitabu cha tatu waliosalia wanachimba ndiga, wanaloweka siku moja, wanakula, wanapona. Ilikuwa sura tamu kuliko zote.

Jumamosi ile nilisoma maoni yake kwa kumwigiza. Nikavuta maneno kwa lafudhi ya Kimwera, nikasimama kwenye kila kosa, nikamgeuza mbuzi wake kuwa kichekesho. Watu walicheka hadi machozi. Aliyecheka kuliko wote ni Zuhura, rafiki yangu wa chanda na pete, aliyevisoma vitabu vile mpaka akavijua kwa moyo. Nilipoinua macho nikamwona Binti Nassoro amesimama mlangoni na beseni lake. Aliinama, akaweka sawa kitambaa juu ya ming'oko yake, akaenda zake. Watu walipotoka niliichana ile karatasi nikaitupa, nikasema inalichafua daftari.

Kiangazi kilipofika Zuhura akaja na wazo. Twende tukaishi siku tatu kama waliosalia, chakula chetu kitoke porini. Kaka yake, Issa, alikuwa na baiskeli, akakubali kutusindikiza. Nyumbani tuliaga kwamba tunakwenda kuwaona ndugu huko Rondo. Tulipanda lori, baiskeli juu ya mizigo, tukashuka, tukatembea mpaka kwenye mahame, mahali palipokuwa kijiji kabla watu hawajahamishwa.

Mwanangu, hujawahi kuingia mahame. Kuta zimebaki nusu, mafiga bado yako jikoni, njia unaiona kabisa inatoka mlango huu kwenda ule, ila haina nyayo. Ndege wapo, lakini hawalii humo ndani. Desturi ni kubisha hodi na kuwasalimu waliopaacha kabla hujakanyaga. Sisi tulibisha kwa mwito wetu wa kitabuni. "Hodi! Mpo mliosalia?" Zuhura aliita kwa sauti kubwa, halafu akatega sikio, akacheka. Mimi nywele zilinisisimka, ila nilijikaza kwa kuogopa kuchekwa.

Tulichimba ndiga, tukazikatakata, tukaziloweka kwenye sufuria siku moja kama kitabu kilivyosema. Kesho yake saa sita mchana tulizichemsha. Issa alikuwa amekwenda kutafuta maji. Mimi nilitia vipande viwili mdomoni, koo likawaka, nikaacha. Zuhura alisema hata kwenye kitabu walisikia uchungu mwanzoni. Akala sahani nzima. Nilikuwa nimekaa mbele yake, mwanangu, na karatasi ya Binti Nassoro niliikumbuka pale pale. Niliikumbuka neno kwa neno. Nikaona haya kusema, maana ndiye mimi niliyeifanyia mzaha. Nikanyamaza, mwenzangu akala.

Haukupita muda akaanza kutabasamu peke yake. Alisema midomo imekufa ganzi. Akasimama, akayumba kama mlevi, akaenda kwenye mlango wa nyumba ya kwanza. "Shikamoo," akasema. Akangoja kidogo kama mtu anayejibiwa, akaitikia kwa kichwa, akahamia nyumba ya pili. "Shikamoo." Jua liko utosini, hakuna upepo, hakuna kivuli, na yeye anakwenda mlango kwa mlango akiamkia watu. Nilimshika mkono, ukawa unatetemeka wote. Akanigeukia akaniambia kwa furaha kabisa, "Somoe, wanasema karibu."

Nilipiga kelele mpaka Issa akaja mbio. Zuhura alikuwa ameshaanguka, mwili unarukaruka. Tulimfunga kwa khanga mgongoni mwa kaka yake, Issa akakanyaga baiskeli, mimi nikawa nakimbia nyuma nimemshikilia asidondoke. Zahanati ilikuwa mbali. Njia nzima, kila akipata pumzi, aliitikia salamu. "Marahaba. Waalaikumu salaam." Njia ile ilikuwa tupu, nakuapia. Tulipokaribia zahanati akaacha kuitikia. Nilifurahi, nikadhani ametulia. Mganga alimshika shingoni, akamtazama Issa, akamfunika uso.

Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Miaka yote hii bado inanichoma.

Msibani Binti Nassoro alikuja, akakaa kwenye mkeka karibu yangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi. Kisha akaniuliza polepole wenzetu wasisikie, "Karatasi yangu uliipeleka wapi?"

"Niliichana, mama."

"Mdogo wangu alikufa kwa ndiga mbele ya macho yangu, mahame yale yale," akasema. "Nilivyojifunza kuandika, kitu cha kwanza cha maana nilichoandika ni kile. Mlicheka mkono wangu, sawa, mkono wenyewe mbovu. Ila mngesoma nilichosema." Akaniambia nikamweleze mama yake Zuhura kila kitu, nisibakize.

Nilikwenda kwanza kulichukua daftari. Sijui nilitafuta nini, karatasi yenyewe nilishaitupa. Nikafungua pale nilipochana, na ukurasa uliofuata ulikuwa wa Zuhura. Aliandika maoni yake Jumamosi ile ile, baada ya kicheko: "Nimekipenda mno. Natamani niwe mmoja wao." Nikapitisha kidole kwenye karatasi, nikahisi mashimo. Binti Nassoro alikandamiza kalamu kiasi kwamba maneno yake yalichimba mpaka kurasa za chini. Nikauinua ukurasa dirishani. Chini ya mwandiko mzuri wa rafiki yangu, bila wino, ilisomeka yote. Atakayekula atapotea.

Mama yake Zuhura hakujua kusoma. Nililia nikamweleza, nikangoja anipige. Hakunipiga. Alisema, "Nisomee." Nikasoma ya mwanawe, kisha nikasoma ya Binti Nassoro, safari hii kwa sauti yangu mwenyewe, bila kumwigiza mtu. Nilipomaliza akasema nisome tena. Nikasoma mara tatu, mpaka adhana ya alasiri ikatukatiza. Ukurasa ule ninao, uko kwenye sanduku langu chini ya sanda, na nikiondoka nitakuachia wewe.

Basi soma vitabu vyako, mwanangu, sikukatazi. Vinanoga, hata mimi jana nilitaka uendelee. Ila unapofika kwenye maoni ya watu, ukamkuta mmoja wanayemcheka wote, huyo msome mara mbili kabla hujacheka. Muulize alipitia nini mpaka akaandika vile. Na siku ukijua jambo la kumwokoa mwenzio, liseme pale pale, hata kama jana ulilifanyia mzaha, hata kama utaumbuka. Mimi niliogopa kuumbuka mbele ya sahani moja ya chakula, na Zuhura hana mjukuu wa kumsimulia.

Mungu akupe macho ya kuona na ulimi usiochelewa, Rehema. Akukinge na kicheko cha kundi, akujaalie marafiki utakaozeeka nao. Haya, sasa washa simu yako, mtafute yule wa kisima, unisomee alichoandika. Taratibu, na usicheke.